Bili iliyonieleza kwa nini imepanda

Bili yangu ya umeme huku ughaibuni imepanda, na kwa mara ya kwanza maishani najua sababu. Karatasi imenionyesha uniti za mwezi huu, za mwezi kama huu mwaka jana, bei ya kila uniti, kodi, na ile gharama ya kudumu unayolipa hata ukizima kila kitu. Bei haijaguswa, uniti ndizo zimeongezeka. Nikaanza kuchunguza nyumba, nikakuta hita ya maji ya kuoga ni wati 3,000: dakika 20 tu, uniti 1 imekwisha! Taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyo, na ni taa hizo nilizokuwa nikiwafokea watoto wazime.

Najua mtasema, "Huyu kapanda ndege juzi, leo kwao kila kitu kibaya." Hapana jamani. Huku nako kuna mwezi mita haikusomwa, wakakadiria tu, nikadaiwa umeme nisioutumia. Tena sisi wa nyumbani, kwa mita za tokeni, tumewazidi mbali watu wa huku: mama yangu anajua kabla ya kulala zimebaki uniti ngapi. Hapa wengi wanangoja bili iwaambie.

Ila mama huyo huyo akisema "umeme umepanda", amesema mambo manne kwa mpigo. Bei imebadilishwa? Amevuka daraja la matumizi madogo, lile la bei nafuu? Kuna deni linakatwa kidogokidogo kila anaponunua? Au bei ni ile ile, nyumba ndiyo inakula zaidi?

Mtaniambia ujumbe wa tokeni una mchanganuo. Unao, wa vifupisho vitupu, ambavyo hata msomi anaviruka kuzikimbilia zile tarakimu 20. Kwa nini pesa yetu ielezwe kwa mafumbo? Kudai maneno kamili si maringo, ni haki ya anayelipa.

Jumapili nilimwomba mama anisomee jumbe mbili, wa sasa na wa miezi sita nyuma. Tukagawanya pesa kwa uniti: bei ile ile. Nikamwambia, "Mama, bana karatasi kwenye mlango wa friji, ufunge, kisha uivute."

Ikateleza ikatoka bila kushikwa. Mpira wa mlango umechakaa, baridi inavuja, na kompresa, ile mota ya friji, haipumziki usiku kucha.