Bustani ya Babur: picha ni ushahidi wa nini?

Mfalme amesimama bustanini, mkono umeelekea chini kwenye vitalu. Mbele yake watunza bustani wamevuta kamba ya kupimia, na msanifu ameshika ubao wenye ramani ya miraba. Nje ya lango wajumbe wanangoja zamu yao. Picha hii, iliyopo Victoria and Albert Museum jijini London, inaonyesha Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal ya India, akipanga Bagh-i Wafa, bustani aliyoianzisha karibu na Adinapur, Afghanistan ya leo, mnamo 1508 au 1509.

Lakini ilichorwa karibu 1590, wakati wa mjukuu wake, mfalme Akbar. Bishndas aliichora, Nanha akashughulikia sura za watu. Miaka 80 hivi ilikuwa imepita, ndiyo maana wapo wasioikubali kama ushahidi.

Hoja yao ina uzito. Mchoraji alibanwa na ukurasa: kuta zimesogezwa, na vitalu vinne vimekaa sawasawa kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Babur mwenyewe aliandika kwamba bustani ilikuwa mahali pa juu, mto ukipita kati yake na ngome ya Adinapur. Kule Dholpur, India, mtafiti wa bustani za kale Elizabeth Moynihan alitambua mwaka 1978 mabaki ya bustani nyingine ya Babur, yenye mabirika ya umbo la yungiyungi yaliyochongwa mwambani. Na bustani ya Kabul alikozikwa imeshuka mlimani kwa matuta. Anayetaka kufufua bustani ya kale akitegemea picha peke yake atapanda vitalu vinne hata pale ambapo mwamba haukuviruhusu.

Hata hivyo, wachoraji hawakubuni tu. Tafsiri ya Kiajemi ya kumbukumbu za Babur, kazi ya Abdur Rahim, mkuu mmoja wa kasri la Akbar, ilikabidhiwa kwa Akbar mwaka 1589, kwa hiyo maneno yalikuwepo. Babur anataja birika la kumi kwa kumi, michungwa pande zote, mikomamanga kiasi, na majani mabichi kulizunguka. Machungwa yakiiva, anasema, pale panapendeza mno. Anataja hata migomba na miwa aliyoagiza ipandwe. Michungwa na mikomamanga imo pichani.

Mimi naiamini picha hii kwa jambo ambalo maandishi yanalipita haraka. Babur husema “niliamuru”. Kule Istalif, karibu na Kabul, kijito kilikuwa kinapinda ovyo, akaamuru kinyooshwe, basi. Nani alikinyoosha? Bishndas anatuonyesha watu wa kazi hiyo, mikono na migongo yao, kamba ikiwa imekazwa. Vipimo vya Adinapur nisingemwuliza yeye. Hivyo vitafutwe ardhini. Lakini namna mfereji ulivyopimwa na kuchimbwa katika zama za Akbar, mchoraji wa kasri alikuwa na nafasi ya kuiona kwa macho yake, na hapo ushahidi wake unastahili kusikilizwa kuliko wa mfalme.