Siga nafuu ipimwe kwa moto kwanza

Siga laini ya bei nafuu huhukumiwa haraka mno. Mtu anavuta mara tatu, anaonja uchungu, basi ameshakata shauri kwamba tumbaku ni mbaya. Mimi huanza na moto. Ladha naisubiri mpaka nijue siga inawakaje, maana katika tumbaku laini ladha humfuata moto kama kivuli. Siga kali ikiwaka vibaya, ukali wake bado hufunika mengi. Laini haina cha kuifunika.

Na kwa kweli siga laini haina udhuru wa kuwaka ovyo. Majani yanayoizuia siga kuwaka upesi ni ligero, yale ya juu ya mmea, mazito na yenye mafuta, na ndiyo yanayoleta ukali. Siga laini huwekewa kidogo tu, au hayamo kabisa. Sehemu kubwa ni seco, yenye harufu, na volado ya chini ya mmea, ambayo hushika moto kwa urahisi. Kwa hiyo ikizimikazimika au ikiwaka upande mmoja, mimi hushuku usokotaji au unyevu kabla ya kulaumu majani.

Hivi karibuni nilivuta siga tano za kisanduku kimoja. Zilikuwa robusto, umbo fupi na nene, za urefu wa inchi 5, kipenyo 50, yaani 50/64 ya inchi, karibu milimita 20. Jani la nje lilikuwa la mbegu ya Connecticut, jimbo la Marekani, lakini lililolimwa Ecuador, ambako mawingu hulikinga na jua, likatoka jembamba na la rangi hafifu. Mbili nilizivuta siku ileile nilipozinunua. Zilikuwa ngumu kuvuta, moto ukala upande mmoja, na kufika nusu mdomo wangu ulikuwa umejaa uchungu. Ningeandika siku hiyo ningezitukana.

Tatu zilizobaki nilizilaza wiki tatu kwenye unyevu wa asilimia 65. Zikawaka sawasawa. Nikapata harufu ya nyasi kavu, mkate uliookwa, korosho, na nilipoutoa moshi kidogo puani, utamu wa malai ambao zile mbili za kwanza hazikuutoa hata chembe. Tumbaku ni ileile. Maji yaliyozidi ndani ya majani ndiyo yaliyokuwa yameiharibu.

Tangu hapo sitoi hukumu kwa siga moja, hasa ya bei hii, kwa sababu usokotaji hutofautiana hata ndani ya kisanduku kimoja. Pia najichunguza mwenyewe. Je, niliuchoma mguu wake, yaani ncha inayowashwa, taratibu pande zote kabla ya kuvuta? Je, ninavuta mara moja kwa dakika, au ninaivuta kama sigara? Siga laini ikipata joto hugeuka chungu, na hapo mwenye kosa ni mkono wangu.

Moto ukienda upande, naurekebisha kwa kiberiti cha gesi mara moja au mbili bila kinyongo. Kinachonikatisha tamaa ni moto unaochimba katikati na kuliacha jani la nje limesimama bila kuungua. Huo sina dawa yake. Vilevile harufu ya amonia: ni dalili ya tumbaku iliyoharakishwa kabla haijachachuka vizuri, na lawama hiyo ni ya mtengenezaji moja kwa moja.

Majivu siyapi uzito mkubwa. Nyingi za siga hizi hujazwa vipande badala ya majani marefu, kwa hiyo majivu yataanguka mapema, na moto utakwenda mbio kidogo. Weupe wa majivu hutokana zaidi na madini ya udongo, kama magnesi, kuliko ubora.

Na neno “laini” linahusu ladha tu. Moshi wa siga una nikotini na husababisha saratani ya mdomo na koo hata usipouingiza mapafuni. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakiuchukulia ulaini kama usalama.

Zile tatu za mwisho hazikubadilika sana tangu mwanzo hadi theluthi ya mwisho, ilipoingia pilipili nyeupe kwa mbali. Kwangu hilo linatosha kwa siga ya bei hiyo. Kisanduku kingine nitanunua, na nitakilaza kwanza.