Ada Wamefuta, Ratiba Je?

Tangu 2023, hapa Massachusetts, Marekani, mtu wa miaka 25 na kuendelea asiye na digrii anasoma chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) bila kulipa ada. Mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa kwa wakazi wote wasio na shahada ya kwanza. Jimbo la Tennessee walishatangulia, watu wazima wao walianza 2018. Nawapongeza, na mimi mwenyewe ni mnufaika. Ila nina dukuduku.

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunahudumia wazee, shifti ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Nilirudi darasani baada ya miaka 14. Senti ya ada sikutoa. Kilichonitoa jasho ni baiolojia: maabara yake ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi, basi. Natoka kazini, nampeleka mtoto shule, naingia maabara macho mekundu kama mvuta bangi. Mshauri wa masomo? Ofisi yake hufungwa saa kumi na moja jioni, na mimi ndiyo kwanza naamka. Wiki ya sita nikaliacha somo. Kwenye takwimu zao nadhani nimeandikwa mtoro.

New York kuna mpango uitwao ASAP, ulioanza 2007 katika vyuo vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji hilo. Mwanafunzi hupewa nauli, msaada wa vitabu na mshauri anayemfuatilia kwa karibu. Watafiti walipowalinganisha na wenzao waliokosa nafasi kwa bahati nasibu, baada ya miaka 3 asilimia 40 walikuwa wamehitimu, wenzao 22. Tofauti si ndogo! Lakini sharti ni kusoma muda wote (full-time). Mwenye kodi ya nyumba na wazazi wanaosubiri hela Tanga atasomaje muda wote? Tennessee angalau wanakubali krediti 6 kwa muhula, yaani kama masomo mawili hivi. Hapo wamefikiria watu wenye kazi.

Ningekuwa na sauti, dola inayofuata ningeipeleka kwenye maabara za jioni na mahali pa kuacha watoto, kabla ya mabango mengine ya "Soma Bure".

Muhula huu nimepata baiolojia ya Jumamosi. Darasa lina viti 24. Mimi nilikuwa wa 23.