Uwanja wa ndege wa Goma ukifunguliwa, usirudi kama ulivyokuwa

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, siku hizi swali la uwanja wa ndege ni moja tu: utafunguliwa lini? Utalisikia kwenye pikipiki, kwenye foleni ya maji, msibani, hata kwa watu ambao hawajawahi kupanda ndege. Tangu mapigano ya mwisho wa Januari 2025 uwanja umefungiwa abiria. Anayekwenda Kinshasa huvuka mpaka, akashika njia ya Kigali, zaidi ya kilomita 150 za kona na milima, kisha atafute ndege ya kumzungusha nchi za watu ndipo imrudishe katika nchi yake mwenyewe. Nani ataufungua na kwa masharti gani, hayo ni ya meza ya wakubwa, na mimi sina kiti pale. Swali langu ni jingine: siku utakapofunguliwa, utakuwa uwanja wa namna gani kwa sisi tunaokaa nje ya ukuta wake?

Nitasema wazi kwamba naunga mkono upanuzi. Najua nitawaudhi marafiki zangu wa mazingira, vijana wanaopanda miti na kusafisha ufuo, ambao wakisikia neno upanuzi huona moshi, kelele na bulidoza. Hawajakosea sana. Ila kwa Goma kupanua uwanja ni, kwanza kabisa, kurudisha kile ambacho mlima ulikimeza. Pisti yetu, yaani njia ya kurukia ndege, ilikuwa na urefu wa mita 3,000 hivi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikapasuka ubavuni, mto wa moto ukashuka mjini, ukafunika upande wa kaskazini wa uwanja na kuendelea hadi ziwani. Karibu theluthi nzima ya pisti ilibaki chini ya mawe meusi. Kwa miaka mingi ndege kubwa ziliendelea kutua na kuruka kwenye kipande kilichosalia, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na Goma si pwani. Tuko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Pisti ikiwa fupi, rubani ana njia mbili: apunguze mzigo, au abahatishe.

Tarehe 15 Aprili 2008 tuliona maana yake. DC-9 iliyokuwa ikielekea Kisangani ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti upande wa kusini, ikavunja ukuta na kuingia Birere. Asiyeijua Birere ajue kwamba ni mahali ambapo mji unanunua na kuuza kila kitu: vitenge, simu, sabuni, vipuri vya pikipiki, unga, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba magunia zikipiga kelele ili zipishwe. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa dukani, walikuwa barabarani, walikuwa wakipika. Novemba 2019 Dornier ndogo ya kwenda Beni ilianguka mtaa wa Mapendo mara tu baada ya kuruka, ikaua abiria na watu waliokuwa nyumbani kwao. Ndege ndogo kama ile haihitaji pisti ndefu, kwa hiyo ajali hiyo siitupii pisti. Tatizo ni kwamba chini yake hapakuwa na hata kiwanja kitupu cha kuangukia. Nyumba, nyumba, nyumba.

Ndiyo maana faida ya kwanza ya upanuzi siihesabu kwa abiria wala kwa ndege ngapi zitatua kwa siku. Naihesabu kwa mita zitakazoachwa wazi upande wa Birere. Pisti ikirefushwa kuelekea kaskazini, huko kwenye lava, yale mawe meusi ya volkano, ndege inayoruka kuelekea ziwani inaweza kuanza mbio zake mbali zaidi na soko, na ikipita juu ya Birere iwe tayari imepanda juu zaidi. Kelele nazo zitapungua kidogo. Kidogo tu, tusidanganyane. Lakini urefu huo wa kaskazini ukitumiwa kama kisingizio cha kuleta ndege kubwa zaidi zinazoumaliza wote, basi Birere itakuwa pale pale ilipokuwa 2008. Kabla ya kushangilia urefu wa pisti, tuulize imeachwa nafasi gani mwisho wake.

Haya ya kuondoa lava hayakuanza jana. Wajerumani walisaidia hapo awali, na mwaka 2015 Benki ya Dunia ilipitisha dola milioni 52 kwa ajili ya usalama wa uwanja huu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba wazo ni jipya au kwamba haliwezekani. Tulichokosa ni mazungumzo ya nini kinabaki mtaani kazi ikiisha.

Chukua mawe. Lava ikikauka ni jiwe, na jiwe Goma ni mali. Misingi ya nyumba zetu ni lava, kuta za uzio ni lava, na kokoto za zege hupondwa na akina mama wanaokaa kando ya barabara kutwa nzima, nyundo mkononi, kipande cha bati kikiwakinga jua, vumbi la kijivu hadi kwenye kope. Mradi mkubwa ukianza huja na mashine yake ya kuponda, mawe yanapondwa ndani ya uzio na kuuzwa ndani ya uzio. Mimi ningetaka mkataba useme kwamba sehemu ya mawe yatakayotolewa itakwenda kwenye barabara za mitaa inayozunguka uwanja, na kwamba kazi zinazowezekana kwa mikono zifanywe kwa mikono, kwa malipo ya kila wiki, na wanawake wale wale wakiwa wa kwanza kwenye orodha. Kuna mitaa hapa ambayo tangu 2002 gari hupita kama mlevi. Mawe ya kuitengeneza yako nyuma ya ukuta wa uwanja.

Sasa mazingira. Sitakubali kuuziwa maneno ya uwanja wa kijani. Ndege inakula mafuta, na uwanja mkubwa huita ndege nyingi. Ila kuna hesabu moja ambayo marafiki zangu huipuuza: ndege inayoruka nusu tupu kwa sababu pisti ni fupi inachoma mafuta karibu yale yale kwa mzigo mdogo. Mama mmoja wa mtaa wa Virunga ninayemfahamu alikuwa akituma jibini la Masisi Kinshasa. Aliyapanga magurudumu yale ya manjano kwenye makatoni, akiyatenganisha kwa magazeti, na siku nyingine alipiga simu akaambiwa, "Mama, leo mzigo umepunguzwa, ngoja kesho." Kesho maana yake ndege nyingine na jibini lililoanza kutoka jasho. Mzigo uliokwenda kwa safari mbili ungeweza kwenda kwa moja. Sasa hivi hatumi kabisa, anauza sokoni kwa bei ya hasara. Sidai kwamba hilo litaokoa dunia, ila ni faida ya kweli.

Jambo ambalo hasa linaninyima usingizi ni maji. Mji huu umekaa juu ya jiwe lenye matundu. Mvua ikinyesha, maji huzama kwenye nyufa, na yasipozama hutiririka kufuata mteremko hadi Ziwa Kivu. Na maji tunayokunywa yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo. Watoto unaowaona wanapanda kutoka ufuoni na vidumu vya njano vya lita 20 wanateka kule kule ambako kila kitu cha mji kinaishia. Ukiongeza lami na zege mahali ndege zinapoegesha, umeongeza eneo ambalo maji hayazami, na maji hayo yanaosha mafuta, grisi na sabuni ya kuoshea injini. Yakitoka bila kuchujwa yanaingia kwanza kwenye nyumba za bondeni, halafu kwenye kidumu cha mtoto.

Upanuzi uliofanywa kwa akili ndiyo nafasi pekee ya kulirekebisha hili, kwa sababu hakuna atakayechimba uwanja mzima kwa ajili ya mfereji tu. Ukichimba kwa ajili ya pisti, chimba na mitaro. Weka mashimo ya kunasa mafuta, ambamo maji hutulia, mafuta yakaelea juu na kutolewa. Weka bwawa la kupokea mvua kubwa liyaachie maji polepole, yasishuke Birere kwa mkupuo mmoja. Hii si teknolojia ya ajabu, hata baadhi ya vituo vya mafuta huwa navyo. Lakini mitaro haikatiwi utepe wala haipigwi picha na waziri, na ndiyo hukatwa ya kwanza fedha zikipungua.

Umeme nao tunao, na watu wa nje hawaamini nikiwaambia. Tangu Desemba 2015 bwawa dogo la Matebe kule Rutshuru, lenye uwezo wa megawati 13 na kitu, linafua umeme wa maji unaotoka upande wa mbuga ya Virunga, na nyaya zake zimefika Goma. Ndege iliyoegeshwa inaweza kuchomekwa kwenye umeme wa ardhini badala ya kuacha injini yake ndogo ya mkiani ikinguruma ili tu taa na hewa viendelee. Jenereta za dizeli zibaki kwa dharura. Wakaazi wa upande wa pili wa ukuta watapumua vizuri zaidi, na laini ile ile ikiwafikia wao pia, watakuwa na sababu ya kuulinda uwanja badala ya kuuchungulia.

Na takataka! Miongozo ya kimataifa ya usafiri wa anga haipendi majalala ndani ya kilomita 13 kutoka uwanjani, kwa sababu takataka huita ndege wa angani, na mwewe mmoja akiingia kwenye injini anaweza kuleta msiba. Goma yote iko ndani ya duara hilo. Mji ambao umeshindwa miaka yote kukusanya uchafu kwa ajili ya kipindupindu huenda ukaukusanya kwa ajili ya bima ya ndege. Ni aibu kidogo, lakini mimi nitaipokea faida hiyo kwa mlango wowote itakaopitia.

Wazee wa mitaa ya karibu watakuuliza: na sisi tutapelekwa wapi? Wana haki. Ukitaka ukanda mtupu upande wa kusini, kuna watu watakaoondoka. Baadhi yao walijenga pale baada ya lava ya 2002 kuchukua nyumba zao za kwanza, wana karatasi ya chifu wa mtaa tu, na wengine hata hiyo hawana. Kuwaita wavamizi ni rahisi ukiwa na hati yako kabatini. Fidia itangulie bulidoza, ihesabu nyumba na pia biashara, kwa sababu mwenye kibanda Birere akihamishiwa mbali nje ya mji amepewa ukuta na kunyang'anywa wateja. Mahali penyewe pasiwe njia ya lava. Mei 2021 tuliiona lava ikishuka Buhene, kaskazini ya mji, na kusimama karibu kabisa na uwanja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hajui inapita wapi. Watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano wana ramani, waulizwe kabla ya kugawa viwanja.

Ardhi itakayobaki tupu nayo ipandwe nyasi fupi na ilindwe. Zamani watoto walikuwa wakicheza kwenye mizoga ya ndege iliyotupwa kando ya pisti, wakitelezea mabawa na kung'oa vipande vya bati. Mizoga ya aina ile isirudi. Wapewe uwanja wa mpira wa kweli, upande salama wa ukuta, kabla hawajaanza kutafuta tundu.

Fedha zitatoka wapi? Abiria wa nchi hii tumelipa Go-Pass, ada ya kila safari ya ndege, tangu 2009, ilianza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa safari ya nje, na tuliambiwa ni ya kujenga viwanja. Tulilipa bila kupewa hesabu. Siku madirisha ya kuuzia Go-Pass yatakapofunguliwa tena Goma, sehemu ya kila Go-Pass itengwe kwa mitaro, taa na barabara za mitaa inayopakana na uwanja, na kiasi kilichoingia kibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa komine, yaani manispaa, ya Goma na ile ya Karisimbi, kwa Kiswahili, kwa tarakimu ambazo mama wa kokoto anaweza kuzisoma na kuzihoji.