Kutengeneza kamera ya mkanda ugenini: una siku ngapi?

Wenzangu wanaopiga picha kwa mkanda wa filamu, si digitali, wana kauli yao siku hizi: ukipata safari ya nje beba na kamera mbovu, huku kwetu mafundi hakuna. Nusu ya kauli hiyo naikubali kabisa. Kariakoo utapata mtu wa kukufungulia simu yoyote ukiwa umesimama hapo hapo, ila mpe kamera ya Yashica ya babu uone anavyoigeuza geuza kama kitu cha makumbusho, na wale waliokuwa wanahudumia mastudio enzi za kamera za Zenit wengi wamezeeka, wengine wametangulia. Nusu ya pili ndo ina maneno.

Mimi nilimsindikiza baba mdogo Delhi kwenye matibabu ya moyo, na wanaozijua safari za India wanajua haziishi wiki moja, kuna vipimo, kuna operesheni, halafu kuna kungoja daktari akuruhusu kupanda ndege. Nikasema basi ngoja nibebe kamera ya Nikon FM2 ya marehemu mzee, aliyopigia maharusi ya Tanga miaka na miaka. FM2 ilitoka 1982, shata yake, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, ni springi na gia tupu, betri kazi yake ni mita ya mwanga tu, kwa hiyo hata ikilala kabatini miaka ishirini bado una matumaini nayo. Yangu ilikuwa na magonjwa matatu: ukiweka sekunde moja shata inafunguka haifungi, sponji za kuzuia mwanga zimegeuka lami inayonata vidoleni, na lenzi ya milimita 50 imeota fangasi, vile viuzi vyeupe kama utando wa buibui, ambavyo mtu wa pwani havimshangazi.

Delhi ya zamani, pale Chandni Chowk, kuna uchochoro unaitwa Kucha Chaudhary, soko la kamera. Fundi niliyempata meza yake ilikuwa na upana wa sinia la pilau, taa moja ya kuinamisha, na chini ya miguu debe la kamera zilizokufa. Kwangu mimi lile debe ndo sababu kubwa ya kutengenezea ugenini, maana vipuri vya kamera nyingi za zamani havitengenezwi tena, kwa hiyo fundi mwenye maiti nyingi ndo mwenye duka la vipuri. Halafu mkono wenyewe. Alifungua mgongo wa kamera, akaweka sekunde moja, akabonyeza, na wala hakutazama, alisikiliza. Gia za mwendo wa taratibu zikiwa nzima zinalia krrrr mpaka mwisho, zangu zikalia nusu zikanyamaza. Grisi imekauka, akasema. Rupia elfu mbili na kitu, njoo baada ya siku tatu.

Siku tatu zikawa tisa. Baba mdogo akawa ananitania kitandani, "Mwanangu, mimi nimepasuliwa kifua, nimeshonwa, leo natembea koridoni, hiyo kamera yako wanaipandikiza nini?"

Nilipoichukua ilikuwa inang'aa, sekunde moja inalia vizuri, lenzi nyeupee, nikalipa nikaondoka na furaha zangu. Jioni nikapanda juu ya paa la gesti nijaribu, kila nikilenga jengo la mbali, pete ya kufokasi imefika mwisho na picha bado ina ukungu. Kumbe lenzi ikifunguliwa kusafishwa, zile nyuzi za kufokasi zina njia kadhaa za kuingilia, ukikosea njia ya kuanzia inafungika vizuri tu ila mbali haifiki tena. Na mimi dukani ningelijuaje, kwenye uchochoro ambao kitu cha mbali kuliko vyote ni ukuta wa jirani? Kesho yake nikarudi, akacheka, akaifungua na kuirekebisha mbele yangu kabla chai haijapoa, bila hela ya ziada.

Lakini kasoro ya sponji mpya za mlango wa nyuma wa kamera sikuijua mpaka nimefika nyumbani. Nilikuwa nimepiga mkanda mmoja wa majaribio, na badala ya kuusafishia Delhi nikabana matumizi, nikasema nitausafisha mwenyewe bafuni Dar. Mstari mweusi kwenye negativu, upande wa bawaba, karibu kila picha. Mwanga unavuja. Kosa dogo kuliko lile la lenzi, ila fundi yuko ng'ambo ya bahari na garantii yake ya mdomo imebaki naye huko.

Sasa watu wanapobishana kama mafundi wa nje ni wa kuaminika au la, naona wanabishania kitu cha pili. Fundi wangu alikosea mara mbili, moja nikaisahau siku ile ile na nyingine ikanigharimu mkanda mzima wa picha, na tofauti ni kwamba ya kwanza nilikuwa bado nina siku mkononi. Hofu ya kubadilishiwa vitu ipo na siibezi, niliandika namba ya bodi, yaani kamera yenyewe, na ya lenzi mbele yake, hakununa. Pia tazama bisibisi zake, skrubu za kamera za Kijapani zinafanana na za kawaida lakini bisibisi isiyo yake inazitafuna vichwa, ukikuta kamera zake zina skrubu zilizoliwa, aga uondoke.

Kuna watakaosema peleka kwa mtengenezaji mwenyewe. Leica, watengeneza kamera wa Ujerumani, pale Wetzlar wanapokea hata kamera yao ya M3 ya 1954, sawa, ila hiyo si foleni ya kungojea hotelini, utatuma kwa kurier na kurudi ukutane na forodha. Kamera za umeme nazo ni habari nyingine. Canon AE-1 ya 1976 ikianza kukohoa ukibonyeza, hiyo ni gia inataka tone la mafuta tu, lakini saketi ikifa hata lile debe la maiti ni kubahatisha.

Mvujo wangu niliutibu kwa kipande cha mahameli nyeusi nilichopewa na fundi cherehani wa mtaani, nikakikata chembamba nikagundisha kwenye bawaba, mpaka leo haujarudi. Juzi rafiki yangu anaenda Guangzhou kufuata mzigo, siku tano, akaniuliza kama abebe AE-1 yake. Nikamwambia iache, wewe niletee sponji na bisibisi.