Namba tasa yenye tarakimu milioni 41, ili iweje?

Hata wanaoipenda hii kazi ya kusaka namba tasa kubwa, zile zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu, ukiwauliza "mkishaipata mnaifanyia nini?" huwa wanajikanyaga. Mradi wa GIMPS, wa watu wanaojitolea kompyuta zao kuzisaka, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, uko hivi: unapakua programu, unapewa namba moja ya aina ya 2 kwa kipeo fulani toa 1, feni inaunguruma siku kadhaa, halafu jibu linakuja sio tasa, haya chukua nyingine. Karibu kila mtu anaambulia hilo jibu. Na huwezi kuijua kwa macho, 2 kipeo cha 5 toa 1 ni 31, tasa safi kabisa, ila 2 kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, unaiona ngumu kumbe ni 23 mara 89.

Sasa wapinzani wanasema kama ni hivyo utafutaji wenyewe ndo tasa, hauzai kitu, umeme unaungua tu. Hapo mi nawapa pointi, maana ile hoja ya kwamba inasaidia usalama wa benki ni chumvi tupu. Usimbaji wa RSA, njia ya kuficha siri mtandaoni, unatumia tasa za tarakimu mamia tu, na kompyuta ya kawaida inazitengeneza chap chap, nani anahitaji dude la tarakimu 41,024,320? Wala hatutafuti ya mwisho, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishathibitisha kuwa namba tasa hazina mwisho.

Faida ninayoiona iko pembeni. Programu yao ya Prime95 inaikamua prosesa mpaka basi, ndo maana wanaojiundia kompyuta wanaitumia kupima kama mashine itahimili, na mwaka 2016 ilifichua kasoro kwenye prosesa za Intel za Skylake, zilikuwa zinaganda katikati ya hesabu mpaka Intel wakatoa marekebisho. Hilo si dogo jamani.

Ila kuna hili la Oktoba 2024. Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, kampuni ya chipu, aliipata 2 kipeo cha 136,279,841 toa 1, ndo lile dude la tarakimu milioni 41, kwa kutumia maelfu ya chipu za grafiki kwenye vituo vya data vya nchi 17, chipu ya Dublin ikaishuku kuwa ni tasa, kesho yake ya San Antonio ikathibitisha. Zawadi ni dola 3,000, kwa hiyo usiseme alifuata hela. Rekodi ya kabla yake, ya 2018, ilitoka kwenye kompyuta ya kawaida tu. Wengi wakasema basi, mwenye laptopu kuukuu hana chake tena.

Kwenye kuvunja rekodi, kweli hana. Lakini hiyo namba inaitwa ya 52 kwa sababu ni tasa ya 52 ya aina hii *kujulikana*, huko chini yake bado kuna namba kibao zilizopimwa mara moja tu na huenda kuna tasa ilirukwa. Kuzirudia moja moja ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na laptopu kuukuu inaiweza.