Namba mbili za kufungulia kabati moja

Jumatatu ya kwanza kwenye kliniki yangu mpya hapa Marekani nilimpokea mama mmoja mwenye kifafa. Alikuja na kichupa chake cha dawa, akakitikisa mbele yangu nisikie mwenyewe: vidonge sita. Anameza viwili kwa siku. Ni lakosamidi, dawa iliyomtuliza kwa miaka, wala hakukuwa na la kujadili. Nikafungua kompyuta, nikaandika, nikabonyeza kutuma. Mfumo ukagoma. Daktari huyu, ukasema, hana idhini.

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeshaandika insulini na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Warfarini ukizidisha kidogo tu, mgonjwa anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani hadi afe. Hakuna aliyeniuliza chochote. Lakini lakosamidi iko kwenye orodha, na mimi nilikuwa nimehama jimbo.

Orodha yenyewe ilizaliwa na sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1970. Dawa zinazodhibitiwa, zile ambazo nyumbani tunaziita dawa tiba zenye asili ya kulevya, zimepangwa kwenye majedwali matano. Jedwali la Kwanza lina heroini na wenzake, vitu ambavyo sheria inasema havina matumizi ya tiba yanayokubalika. La Pili lina dawa kali za maumivu kama mofini, fentanili na oksikodoni. Ukali unapungua unavyoshuka, na mkiani, kwenye Jedwali la Tano, ndiko inakokaa lakosamidi pamoja na dawa za kikohozi zenye kodeini kidogo. Anayezitengeneza, anayezisambaza, anayezihifadhi, anayeziandika, hata anayezifanyia utafiti maabara, lazima asajiliwe na DEA, idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya. Kwa daktari usajili huo ni wa miaka mitatu na ada yake ni dola 888. Kabla ya Oktoba 2020 ilikuwa 731.

Hapo sina ugomvi. Kero yangu inaanzia ngazi ya chini yake.

DEA haikupi namba mpaka jimbo lako likuruhusu kwanza. Tena namba yenyewe haivuki mpaka: kwa kanuni ya mwaka 2006, daktari anayefanya kazi katika majimbo mawili anahitaji usajili wa DEA kwa kila jimbo. Sasa, neno "kuruhusiwa na jimbo" lina maana mbili kutegemea umesimama wapi. California au Pennsylvania, leseni yako ya udaktari ndiyo ruhusa, basi. Illinois, New Jersey, Massachusetts, Oklahoma, South Carolina, Missouri, Utah, Hawaii na mengine kadhaa, leseni haitoshi. Unaomba cheti kingine cha jimbo cha dawa zinazodhibitiwa, chenye namba yake, ada yake na tarehe yake ya kuisha. Mahali pengine kinatolewa na wizara ya afya, mahali pengine na bodi ya wafamasia, na Oklahoma kinatolewa na chombo cha jimbo cha kupambana na dawa za kulevya, kinachofanya kazi ya kipolisi.

Mimi nilitokea Texas. Texas nayo ilikuwa na cheti chake mpaka tarehe 1 Septemba 2016, ikakifuta. Kwa hiyo nilikokwenda (sitalitaja jimbo, bado nakula kwao) nilijua leseni na DEA, cheti cha tatu sikukijua. Ofisi ya ajira ya kliniki nayo haikunikumbusha. Nilipoanza kukiomba, fomu ilirudishwa kwa sababu namba ya chumba cha kliniki haikufanana na iliyoko kwenye leseni. Nikarekebisha leseni. Nikatuma tena. Kilipopatikana ndipo nikaomba DEA wanibadilishie anwani, jambo ambalo, kwa haki yao, hawalitozi chochote. Kwa jumla, wiki saba.

Katika wiki hizo saba, mgonjwa wangu akihitaji dawa ya orodha, nilimwomba mwenzangu wa chumba cha pili. Naye hawezi kutia saini tu kwa maneno yangu, na asingepaswa. Alilazimika kuacha wagonjwa wake, aje akae na yule mama, asikilize upya habari za degedege lake la mwisho, ampime, aandike. Mama akasimulia mara mbili asubuhi moja, mara ya pili akiwa amechoka na kama ameanza kutushuku. Aliniuliza taratibu, "Wewe ni daktari kweli?"

Nimewahi kuwasikia wanaotetea cheti cha jimbo, na hoja yao si ya kubezwa. Wanasema DEA iko mbali, jimbo ndilo lililo karibu. Wanasema linahitaji wakaguzi wake na orodha yake lenyewe. La orodha nakubaliana nalo kabisa. Kentucky iliiingiza gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, kwenye Jedwali la Tano mwaka 2017, wakati sheria ya shirikisho haiigusi, kwa sababu waliona mitaani kwao kitu ambacho Washington ilikuwa haijakichukulia hatua. Massachusetts wana hadi Jedwali la Sita, linalobeba dawa nyingine zote za kuandikiwa na daktari, kiasi kwamba huko hata ya shinikizo la damu inaingia kwenye hesabu. Ni haki yao.

Ila kupanga orodha na kumsajili daktari mara ya pili ni mambo mawili. Jimbo ndilo linalotoa leseni. Likiniondolea ruhusa ya kuandika dawa hizi, usajili wa DEA unakosa miguu, na sheria ya shirikisho inawapa DEA nguvu ya kuufuta kwa sababu hiyo peke yake. Mpini umeshikwa na jimbo tangu mwanzo. Sasa cheti cha pili cha nini? Leseni inaweza kubeba mstari mmoja: anaruhusiwa Jedwali la Pili hadi la Tano, au haruhusiwi.

Na kama ni kuzuia uovu, tuseme ukweli. Madaktari waliogeuza kliniki zao kuwa vibanda vya kuuzia oksikodoni walikuwa wamesajiliwa. Bila usajili duka la dawa lisingewapokea karatasi zao. Usajili ulikuwa nyenzo yao ya kazi.

Angalia namba ya DEA yenyewe ilivyo. Herufi mbili, ya pili huwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, kisha tarakimu saba. Chukua 1234563. Jumlisha ya kwanza, ya tatu na ya tano: 1, 3, 5, unapata 9. Jumlisha ya pili, ya nne na ya sita: 2, 4, 6, ni 12, zidisha kwa mbili, 24. Tisa na ishirini na nne ni 33, na tarakimu ya mwisho ya 33 ni 3, sawa na ya mwisho kwenye namba. Wafamasia wa zamani huifanya hesabu hii kichwani huku wanakusalimia. Inamkamata mghushi mvivu. Aliyesoma aya hii haimkamati, na daktari halali mwenye tamaa haimgusi hata kidogo.

Kinachokamata ni vitu visivyo na fahari. Kabati imara lenye kufuli. Hesabu ya vidonge vyote, ambayo sheria inataka ifanyike angalau kila miaka miwili, na mwenye akili hufanya mara nyingi zaidi. Fomu namba 222 ya DEA, ya karatasi au ya kielektroniki, ambayo bila hiyo huagizi shehena ya Jedwali la Pili. Zaidi ya vyote ni rejista ya jimbo ya dawa zilizotolewa, ile ninayoifungua kabla ya kuandika: jina la mgonjwa, nani alimwandikia, lini, vidonge vingapi, duka gani. California walianza yao mwaka 1939. Missouri walikuwa wa mwisho kupitisha sheria ya kuwa nayo, mwaka 2021, ilhali cheti cha jimbo cha madaktari walikuwa nacho miaka yote hiyo. Jimbo lililotaka daktari asajiliwe mara mbili lilikuwa ndilo la mwisho kutaka kuona anachoandika. Nimejaribu kuwatafutia udhuru, sijaupata.

Chanzo chake nakihisi. Sheria ya kwanza ya shirikisho ya aina hii, ya mwaka 1914, ilikuwa sheria ya kodi. Daktari alijiandikisha kwa mkusanya mapato na kulipa dola moja kwa mwaka. Ilipokuja sheria ya 1970, ikatungwa sambamba nayo rasimu ya mfano kwa ajili ya majimbo, na ndani yake mlikuwa na kifungu cha usajili. Majimbo mengi yakainakili. Kilichonakiliwa kikapata ofisi, ofisi ikapata ada, na ada ikishapata mlaji haifutiki kirahisi. Ndiyo maana nawastahi Texas kwa lile la 2016, na huwa siwastahi kwa mengi.

Cheti changu kilifika, namba ya DEA ikahamia anwani mpya, na yule mama akarudi. Nikamwandikia lakosamidi yake mwenyewe. Dakika chache baadaye mfamasia akapiga simu kuhakikisha, maana jina langu lilikuwa geni kwake.

"Naomba namba yako, daktari."

Nikamuuliza anataka ipi, nikaanza kumsomea ya jimbo iliyonigharimu wiki saba.

"Hapana, ya DEA," akasema. "Hiyo nyingine hata sina pa kuiandika."